Wasiotegemea Kitu

Kwenye kiwanda cha milango na vitanda cha Mzee Randa, mtu aliyefikia umri wa kupumzika hakuagwa kwa hotuba. Hakukuwa na viti vya kukodi wala picha ya pamoja. Siku yake ya mwisho, mashine zikishanyamaza, Mzee mwenyewe alitoka ofisini, akapita juu ya maranda yaliyotapakaa sakafuni, akasimama karibu na benchi la yule anayeondoka na kumwambia, "Njoo tuongee kidogo." Wakaingia ofisini wawili, mlango ukafungwa. Baada ya muda mtu akatoka, uso umelowa kama aliyetoka kunawa, akachukua begi lake la vifaa, akawapungia wenzake mkono bila neno, akaenda zake.

Hakuna aliyemuuliza amepewa nini. Kuuliza kulikuwa utovu wa adabu, na kusema kulikuwa utovu mkubwa zaidi. Lakini watu wana macho. Miezi haikuwa mingi nyumba ya yule mtu ikapata bati jipya, au mkewe akafungua duka la vitambaa, au shamba alilokuwa anakodi likawa lake. Wenzake wakipita wakaona, wakasema Mungu amemjalia, na habari ikaishia hapo. Mzee akizisikia habari hizo alikuwa anatazama pembeni kama mtu anayesimuliwa mambo ya mji asiowahi kufika.

Mama Kidoti alikuwa mhasibu wa kiwanda, na haya yote aliyajua tangu enzi zake za mapokezi, alipokuwa anapokea simu na kuandika oda za vitanda. Uhasibu aliusomea madarasa ya jioni, tumbo la ujauzito likimgusa ukingo wa dawati, na baadaye akawa anamwachia mama mkwe mtoto, anakwenda darasani na maziwa yakimvuja kifuani. Sasa vitabu vyote vilikuwa juu ya kichwa chake. Mhasibu ni yeye, karani ni yeye, na mtunza stoo akiumwa, stoo nayo ni yeye.

Kazi aliipata kwanza, mume baadaye. Mkuu wa mafundi pale kiwandani, aliyeitwa Milimita kwa sababu hakuwa na subira na mtu anayepima kwa sentimita, ndiye baba mkwe wake. Wenzao walipenda kutania kwamba Milimita alimpima yule binti wa mapokezi mwaka mzima, urefu na upana, ndipo akamtuma kijana wake aje kuchukua vipande vya mbao ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Shida ilianzia kwenye milango. Wateja walikuwa wanairudisha. Mlango unatoka kiwandani umenyooka kama rula, unakaa kwa mteja msimu mmoja, unapinda; ukiubana juu, chini unaachama. Mbao zilikuwa zinakaushwa kwa upepo na subira kama zamani, ila siku hizi wateja hawana subira. Lilihitajika tanuri la kukaushia mbao, na tanuri si kitu cha kununua kwa fedha za mfukoni. Benki ilikubali kukopesha kwa sharti lenye matawi mengi: hesabu za kiwanda ziandaliwe kwa viwango vya kimataifa, zikaguliwe na mkaguzi wa nje, na tangu siku mkopo utakapoingia, isitoke hata senti ambayo haina mstari wake vitabuni. Mzee mwenyewe angekula mshahara kama wengine mpaka mkopo uishe.

Mzee aliviita vile viwango "wageni". Kila asubuhi, Mama Kidoti akiingia na faili kifuani, alimkuta anafuta miwani.

"Haya, leo wageni wanasemaje?"

"Wanasema msumeno mkubwa umezeeka, Mzee. Hatuwezi kuendelea kuuandika kama tumeununua jana."

"Hilo hata mimi nimelisema miaka yote. Mbona mimi sikutungiwa kitabu?"

Hapo walielewana. Walielewana pia kuhusu mbao zilizokatwa nusu, na kuhusu gari lililokuwa linaandikwa kila mwaka ingawa lilishakuwa banda la kuku. Palipokuja suala la wateja wa mkopo ndipo Mzee aligoma kwa mara ya kwanza. Wageni walitaka kiwanda kikadirie, kabla ya kitu chochote kutokea, sehemu gani ya madeni haitalipwa.

"Nimkadirie mtu ubaya kabla hajautenda?" aliuliza. "Nikutane naye barabarani, anisalimie vizuri, na huku ofisini nimeshaandika kwamba atanidhulumu?"

"Hatuandiki jina la mtu, Mzee. Tunaandika fungu tu. Wote kwa pamoja."

Alifikiri sana. "Kama hakuna jina, sawa. Fungu halina mama wa kulia."

Ndivyo walivyokwenda, polepole, kama watu wanaohamisha kabati zito bila kutaka kukwaruza sakafu.

Mkaguzi alipokuja alikuwa mwanamke kijana, wa rika la Mama Kidoti, mwenye miwani mikubwa na viatu vya chini. Alipofika alijifutia kiti mwenyewe na kuomba asitafutiwe feni. Mafundi, waliokuwa wamejiandaa kumchukia, walikosa pa kuanzia.

Alikagua kwa utulivu. Siku moja, baada ya chai, akageuza ukurasa na kusema, "Hili ni swali la kawaida tu, naliuliza kila ninapokwenda. Mtu akistaafu hapa, zaidi ya anachodai kwa sheria, huwa mnampa chochote?"

Mama Kidoti aliinuka kitini. "Ngoja nimuulize Mzee," alisema.

Mzee hakuinua hata kichwa. "Hiyo iache."

"Mzee, kwa viwango, hata kitu ambacho hakijaandikwa popote, kikizoeleka mpaka watu wakapangia maisha yao..."

"Mama Kidoti." Sauti yake haikupanda. "Nimewakubalia wageni msumeno. Nimewakubalia gari. Wateja pia nimewakubalia. Lakini ninachompa mtu mlango ukiwa umefungwa ni kati yangu na yeye. Kikishaandikwa si zawadi tena, ni deni. Mimi sidaiwi na mafundi wangu. Nawapa."

Aliporudi, Mama Kidoti alimwambia mkaguzi kwamba Mzee anasema hayo ni mambo yake binafsi.

"Ya binafsi pia yakizoeleka huwa ni wajibu," mkaguzi alijibu kwa upole. "Cha msingi ni kama watu wanategemea. Naomba niongee na wafanyakazi wachache. Wewe nitambulishe tu, mengine nitauliza mwenyewe."

Wakateremka karakanani. Wa kwanza alikuwa Msasa, fundi wa kulainisha na kupaka vanishi, ambaye jina lake halikutokana na kazi yake bali na ulimi wake.

"Mimi?" Msasa alisema. "Nitegemee? Dada mkaguzi, mimi nikitoka hapa bila kudaiwa brashi nilizopoteza, nitamshukuru Mungu."

"Lakini waliotangulia, si walipewa?"

"Sikuwepo chumbani." Akapuliza vumbi kwenye mguu wa kitanda. "Halafu huyu Mama Kidoti mbona kasimama kama anatupiga picha?"

Mama Sponji, mshonaji wa magodoro, ambaye kiwanda kilimkuta msichana na sasa ana wajukuu, hakuacha hata kushona. "Siwezi kukaa nikahesabu mkono wa mtu, mwanangu. Nimelelewa vibaya kwa mengi, lakini hilo walinifundisha."

Wakafika benchi la mwisho. Milimita alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, na maranda yalikuwa yanatoka marefu, membamba, yakijikunja kama utepe. Mwisho wa mwaka ilikuwa zamu yake.

"Samahani, mzee wangu," mkaguzi alisema. "Unakaribia kupumzika. Kuna kitu chochote unachotegemea kupata kwa Mzee Randa siku hiyo?"

Milimita alisimamisha mkono. Hakumtazama mkwewe. "Mwanangu, nimekula mshahara wa kiwanda hiki tangu kijana wangu hajazaliwa. Nitegemee nini tena? Mzee akinishika mkono, inatosha."

"Hutegemei kitu?"

"Sitegemei kitu."

Akarudi kwenye ubao wake. Mkaguzi akaandika.

Juu ofisini alifunga daftari lake akiwa na uso wa mtu aliyeleta habari njema. "Wote wamesema lile lile, kama waliofundishwa na mwalimu mmoja. Hakuna anayetegemea. Kwa hiyo hakuna wajibu wa kuandika, na faida yenu haitaguswa. Nitaweka sentensi kwenye barua ya uthibitisho, wewe na Mzee mtasaini."

Sentensi ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kampuni haina mazoea ya kuwapa wanaostaafu chochote zaidi ya matakwa ya sheria, na hainuii kufanya hivyo.

Mama Kidoti aliisoma mara ya kwanza kama mhasibu, akaona haina kosa. Akaisoma mara ya pili kama mkwe wa Milimita, akaanza kuhesabu miezi. Mkopo ungeingia kabla ya mwisho wa mwaka. Baada ya hapo, kila senti na mstari wake. Siku Mzee atakapotoka ofisini na kumwambia Milimita njoo tuongee kidogo, atakuwa na nini cha kumpa? Akiinyoshea benki mkono, benki itauliza mstari uko wapi, kisha itafungua barua hii na kumwonyesha sahihi yake mwenyewe. Na si Milimita tu. Mama Sponji anafuata, na baada yake Msasa na brashi zake. Wote walikuwa wamejinyang'anya kwa adabu, mbele ya macho yake, na yeye alisimama pale akitambulisha.

"Naomba usiipeleke leo," alimwambia mkaguzi. "Nipe mpaka kesho."

Mkaguzi alimtazama. "Kuna jambo?"

"Kuna jambo. Ila si langu kulisema."

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya paa za jirani, alimkuta baba mkwe nyuma ya nyumba. Hapo palikuwa na msingi uliochimbwa wa vyumba viwili na karakana ndogo, kamba imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi. Mama mkwe alishachagua hata rangi ya madirisha. Kidoti alikuwa amekaa ndani ya mtaro anapika udongo kwenye kifuniko cha kopo, na babu yake alikuwa ameinama kukagua kama kamba haijalegea.

"Baba," alisema Mama Kidoti, "leo umemwambia mkaguzi hutegemei kitu."

"Nimemwambia."

"Na huu msingi?"

Milimita alinyoosha mgongo taratibu. "Msingi ni shimo, mama. Shimo halimdai mtu."

Akamweleza yote, kwa maneno mepesi: benki, mstari, barua. Akamwambia kwamba wakati wa kusema ni huu, na kwamba mkaguzi akirudi kumuuliza, aseme tu ukweli. Milimita alimsikiliza mpaka mwisho, huku akichezea kigingi kwa kidole cha mguu.

"Ukweli upi?" aliuliza. "Kwamba nimekaa nikihesabu fedha za mtu ambaye hajanitamkia hata siku moja? Nikisema nategemea, nimemdai. Randa alikuwa na benchi moja, mimi nikiwa nimekaa chini namshikia ubao. Leo nimdai?" Akatikisa kichwa. "Siwezi. Afadhali hili shimo Kidoti alichezee mpaka aolewe."

"Baba..."

"Umeniambia, nimesikia. Wewe umefanya la mtoto mwema." Akamwinua mjukuu kutoka mtaroni na kumpangusa makalio. "Huyu atakula udongo wote, tukose wa kujengea."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kuhusu jambo lile. Mama Kidoti alimjua. Angeweza kulisukuma gari lililozimika mlimani likafika, lakini si baba mkwe aliyekata shauri.

Akiwa anamwogesha mtoto, aliwaza jinsi swali lilivyoulizwa. Waliotunga wale wageni lazima walikaa mahali ambapo mtu akiulizwa kama anategemea kitu, anajibu ndiyo au hapana kama anayeulizwa saa. Huku, swali hilo hilo ni mtihani wa malezi, na kila mmoja alikuwa amefaulu. Tatizo halikuwa jibu. Alikuwa ameulizwa mtu asiye sahihi.

Asubuhi aliingia kwa Mzee bila faili. Mzee aliona mikono mitupu, akaweka miwani chini.

"Leo wageni wamelala?"

"Leo nimekuja na swali langu mwenyewe, Mzee. Naomba usikasirike."

"Kukasirika nimeachia vijana."

"Siku ya Milimita kuondoka, unaweza kumshika mkono tu, ukamwambia kwaheri, akaondoka hivyo hivyo?"

Mzee alimtazama kama aliyemwagiwa maji. "Hivyo hivyo vipi?"

"Mikono mitupu."

"Unanitukana, Mama Kidoti?"

"Hapana, Mzee. Nauliza kama unaweza."

Nje, msumeno mkubwa uliozeeka uliunguruma, ukakohoa, ukanyamaza. Mzee alisubiri unyamaze kabisa. "Siwezi," alisema. "Ningepita wapi katika mji huu? Ningemwangaliaje? Hata nikitaka, miguu yangu ingekataa kutoka hapa kitini."

"Basi tayari ni wajibu. Wageni hawaulizi tu kama mafundi wanategemea. Wanauliza kama wewe una njia ya kukwepa, na umesema huna." Akasogea mezani. "Na kuna jingine." Akamweleza kuhusu barua na masharti ya benki. Aliona kidogo kidogo likimwingia, jinsi maji yanavyoingia kwenye ubao mbichi.

"Kwa hiyo nikishasaini," Mzee alisema, "mwisho wa mwaka nitakwenda benki kuomba ruhusa ya kumuaga Milimita."

"Na watakukatalia kwa sahihi yako."

"Basi mkopo wenyewe basi. Waambie wabaki na fedha zao."

Mama Kidoti alitazama juu ya bega lake. Kwenye ukuta nyuma ya Mzee, milango iliyorudishwa wiki ile ilikuwa imeegeshwa, yote imepinda upande mmoja kama watu wanaosikiliza uvumi. Mzee aligeuka akaitazama, kisha akageuka tena.

"Bila tanuri tutafunga," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Najua." Kisha akasema, kwa sauti ambayo Mama Kidoti hakuwahi kuisikia kwake, "Unajua ninachoogopa? Milimita atapokea kama mtu anayelipwa. Atahesabu, atasema asante, ataondoka. Wale wengine hawakuwa wanahesabu. Yule fundi wa bawaba alilia mpaka shati langu likalowa bega."

"Huenda ikawa hivyo, Mzee," alisema Mama Kidoti. "Sitakudanganya. Huenda kitu kikapungua." Akatafuta maneno. "Lakini Milimita jana kaulizwa, akasema hategemei kitu. Ameshachimba msingi, na bado kasema hategemei. Mtu wa namna hiyo sidhani kama mstari wa vitabuni utamfundisha kudai."

"Amechimba msingi?"

Mama Kidoti akang'ata ulimi. Lilikuwa limeshatoka.

"Vyumba vingapi?"

"Mzee, mimi ni mkwe."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mzee alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Mwite mkaguzi. Na Milimita msimuulize tena. Mkimuuliza mara ya pili mtakuwa mnamlazimisha kuomba. Nitasema mimi."

Mkaguzi aliingia na daftari lake, akakaa. Mzee alifunga mlango mwenyewe. Halafu akafanya jambo ambalo Mama Kidoti hakulitarajia: aligeuza kiti chake, akawapa mgongo wote wawili, akatazama dirishani, na akaanza kusema.

Alianza na fundi wa bawaba. Akasema alimpa nini na kwa nini kiasi kile. Akaenda kwa mlinzi wa zamani, kwa dereva, kwa mama aliyekuwa anapika chai, kwa yule aliyekatwa vidole viwili na hakuwahi kulalamika. Alikuwa na kipimo, na kipimo chenyewe hakikuwa cha kubahatisha: miaka ya mtu, na mshahara wake wa mwisho, na nyongeza kidogo kama ana mtoto bado yuko shule. Kwa miaka yote hiyo hakukiuka. Alisema kwa sauti ya chini, akisimama kila mara kama mtu anayevua nguo mbele ya daktari. Mkaguzi naye alikuwa mwungwana. Hakumkatiza, na alipoandika, aliandika bila kelele.

"Wote kwa kipimo hicho hicho?" aliuliza mwishoni.

"Wote."

"Basi sihitaji jibu la mafundi tena. Mazoea yenyewe ni ushahidi." Akasita. "Nikuambie kitu, Mzee? Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kampuni ambayo kila mtu alitegemea kila kitu, mpaka mgeni wa getini. Kitabu ni kile kile. Ni kama sare ya shule. Kitambaa kimoja, lakini kila mtoto inamkaa kivyake."

"Na kule walikotunga kitabu," Mzee aliuliza, bado anatazama dirishani, "mtu akistaafu wanampaje?"

"Nadhani inaandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza anajua atakachopata siku ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Sasa siku ya mwisho wanafungiana mlango waambiane nini?"

Mkaguzi alifikiri. "Sijui, Mzee. Sijawahi kufika."

"Ukifika, waulize." Akageuza kiti. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini mabega yameshuka. "Haya. Walioondoka tumemaliza. Waliobaki?"

"Waliobaki tunakadiria kila mmoja, tunajumlisha."

"Majina hayaandikwi?"

"Majina yatabaki kwenye karatasi yangu ya kazi. Kwenye vitabu ni fungu moja."

Wakaanza, Mzee akitaja, mkaguzi akiandika, Mama Kidoti akipiga hesabu kwenye kompyuta. Mama Sponji. Msasa, ambaye Mzee alisema apunguziwe brashi, kisha akasema hapana, natania, aandikwe kamili. Vijana wa mashine mmoja mmoja. Mwisho likabaki jina moja, la benchi la mwisho, na Mzee akajikohoza.

"Mama Kidoti, nenda kaangalie kama gari la mbao limefika."

Gari la mbao halikuwa linakuja siku ile, na wote watatu walijua. Mama Kidoti alisimama mara moja. "Naenda, Mzee."

Akasimama uani, penye jua, mikono nyuma. Msasa alipita na kopo la vanishi.

"Unatafuta nini?"

"Gari la mbao."

"Leo si siku yake."

"Najua."

Msasa alimtazama juu mpaka chini, akatazama mlango wa ofisi uliofungwa, akaelewa alichoelewa. "Basi likifika niite nisaidie kushusha," alisema, akaendelea na safari yake.

Kutoka pale alipokuwa, aliweza kumwona baba mkwe kupitia dirisha la karakana. Alikuwa anamfundisha kijana wa mashine kushika ubao, na kila kijana alipouweka, yeye aliusogeza kidogo sana, kiasi ambacho jicho lingine lisingeona. Hakuinua kichwa kuelekea ofisini. Mama Kidoti aliomba moyoni, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba Mzee azidishe kidogo juu ya kile kipimo, kwa ajili ya benchi lile la kwanza. Kisha akaona aibu, maana hilo nalo lilikuwa kutegemea.

Alipoitwa ndani, mkaguzi alikuwa ameshaongeza kadirio la mwisho, akampa jumla tu, kwenye kipande cha karatasi. Ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Mzee aliikodolea macho kwa muda.

"Kumbe nimekuwa mkarimu hivi," alisema. "Mke wangu asione."

"Faida itashuka," mkaguzi alisema. "Lazima niseme mapema. Benki inaweza kupunguza mkopo."

"Itapunguza tanuri. Tutanunua dogo." Akainua kalamu. "Mbao zimesubiri miaka yote hii, zitasubiri zamu. Ile sentensi ya kwamba hatuna mazoea, umeifuta?"

"Nimeifuta."

"Leta nisaini."

Mkaguzi alipoondoka, Mama Kidoti alirudi kwenye meza yake kufunga hesabu za siku. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na makadirio ya wafanyakazi wote, mmoja tu akikosekana. Kwenye kipande cha karatasi kulikuwa na jumla. Ilikuwa kutoa tu, hesabu ya mtoto wa shule. Angebonyeza mara moja angejua kama vile vyumba viwili vya baba mkwe vitafika kwenye bati, na kama karakana itapata sakafu ya saruji, na madirisha yatapata ile rangi.

Aliiandika jumla kwenye mstari wake, akahakiki kwamba imekaa sawa. Alifuta makadirio ya mmoja mmoja, kwa kuwa vitabu havikuyahitaji. Akakunja kile kipande cha karatasi, akakipeleka ofisini kwa Mzee akiweke anapojua mwenyewe, akazima kompyuta, akaenda kumchukua mtoto.